Chema chajiuza: Utakula wapi ukihamia mtaa mpya?

UMEPATA kazi jijini Nairobi, au mwenye nyumba wako wa zamani amepandisha kodi, nawe umelazimika kuhamia mtaa usioujua. Mkokoteni umeshusha kitanda, meza na magunia ya vyombo mbele ya mlango, msimamizi wa ploti amekukabidhi ufunguo, na jua linatua.

Jiko limo ndani ya gunia mojawapo, hukumbuki ni lipi. Mtungi wa gesi hauna kitu. Tumbo nalo linanguruma kwani tangu asubuhi hujatia chochote kinywani. Sasa, msomaji mpendwa, utakwenda kula wapi?

Wengi wetu hulichukulia swali hili kuwa dogo. Mtu hutoka nje, akatazama kushoto na kulia, kisha akaingia katika hoteli ya kwanza yenye taa nyingi na rangi mpya, akaagiza chochote kilichopo. Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga.

Hata hivyo, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Mfuko wako, afya yako na hata namna utakavyoishi na majirani katika mtaa huo, vyote hutegemea kwa kiasi kikubwa mahali utakapozoea kula. Leo nitakueleza jinsi ya kupatafuta mahali hapo, na sitaficha kwamba baadhi ya haya niliyajua baada ya kuumia.

Kosa la mgeni

Nilipohamia mtaa wa Umoja, mashariki mwa Nairobi, nilikuwa nimetoka Mombasa, ambako asubuhi nilizoea mahamri kwa mbaazi za nazi, na jioni kahawa chungu kwa kashata barazani. Nilijua ni nani apikaye vizuri na ni nani wa kuepukwa. Sikuwahi kufikiri kwamba ujuzi huo ulikuwa mali, na kwamba nilikuwa nimeuacha nyuma siku nilipopanda basi.

Jioni ya kwanza niliingia katika hoteli moja kando ya barabara. Ilikuwa na vioo, viti vyekundu, na muziki uliosikika hadi stejini. Wateja walikuwa wawili tu, lakini nikaona hiyo ni bahati yangu, kwamba nitahudumiwa upesi.

Nililetewa wali kwa mchuzi wa nyama. Wali ulikuwa moto juu na baridi katikati. Nililigundua hilo kwa tonge la pili, lakini kwa haya za ugeni nikanyamaza, nikala, nikalipa bei ambayo mwenyeji hangekubali kulipa.

Usiku wa manane tumbo likaanza kunisokota. Kwa muda wa siku 4 sikwenda kazini, ilhali sikuwa nimemaliza hata juma moja katika kazi hiyo. Pesa nilizokuwa nimeweka za kununulia godoro ziliishia katika zahanati. Kibaya zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu yeyote katika mtaa mzima aliyejua kwamba nilikuwa mgonjwa.

Siku ya pili nilijikokota hadi kwa jirani, mama mmoja wa makamo, nikamwomba maji yaliyochemshwa. Aliniuliza nilikuwa nimekula wapi. Nilipomwambia, alitikisa kichwa.

"Pole mwanangu," akasema. "Pale sisi wa hapa hatuli."

Maneno hayo machache yalinifunza zaidi ya ushauri wote niliopewa nilipokuwa nikifunga safari. Tangu siku hiyo, kila nihamiapo mahali, swali langu la kwanza ni hili: Wenyeji hula wapi?

Tembea mara tatu

Ili kulijibu swali hilo, jambo la kwanza ni kutembea. Tembea mtaa wako mara tatu katika siku moja, kwani mtaa wa alfajiri si mtaa wa adhuhuri, wala wa adhuhuri si wa jioni.

Toka saa 11 alfajiri, watu wanapoelekea stejini. Hapo ndipo utakapowaona wauza uji wa wimbi, na akina mama wenye chai na mandazi waliokwisha kuwasha jiko la makaa wewe ukiwa bado usingizini. Kufikia saa 3 wengi wao huwa wamefunga na kwenda zao, na anayeamka akiwa amechelewa hawezi kujua kwamba wapo.

Toka tena kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Pita nyuma ya maduka, karibu na gereji na palipo na mjengo. Vibanda vya hapo ndivyo vinavyolisha jiji hili: githeri, maharagwe, ndengu kwa chapati, ugali kwa sukuma wiki na matumbo. Utayaona mabenchi yamejaa na wengine wakila wamesimama.

Mara ya tatu iwe baada ya saa 12 jioni. Moshi wa bucha utakuongoza kwenye nyama choma na mutura, na kando ya njia utapata mahindi ya kuchoma, viazi karai na samaki wa kukaangwa.

Katika matembezi hayo usile. Kazi yako ni kuhesabu watu na kutazama sufuria. Hoteli ambayo sufuria yake huwa tupu kufikia saa 8 mchana, na mwenyewe akawaambia wateja kwamba chakula kimekwisha, ni hoteli njema. Chakula kinachokwisha hakilali, na kisicholala hakiletwi tena kesho kikiwa kimepashwa moto juu juu.

Lakini ukimwona kijana mlangoni akimvuta kila mpita njia kwa mkono ilhali viti ndani ni vitupu, kumbuka methali: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Uliza anayejua

Jambo la pili ni kuuliza. Mgeni ni kuku mweupe, na wenyeji wamekwisha kukuona. Hakuna haja ya kujifanya mwenyeji. Hata hivyo, chagua wa kumwuliza kulingana na unachotaka.

Ukitaka chakula cha kushibisha kwa pesa kidogo, waulize mafundi na vibarua wa mjengo. Hawa hubeba mawe na saruji kutwa, kwa hivyo hawawezi kudanganywa na sahani ya mapambo. Isitoshe, kibarua akiugua tumbo siku moja, mshahara wa siku hiyo hana. Huchagua kwa makini kuliko mtu yeyote mwenye tai shingoni.

Ukitaka chai ya mapema au ya usiku, mwulize mlinzi wa lango. Ukitaka supu ya mifupa au ya kichwa cha mbuzi, madereva na makanga wa matatu watakuelekeza. Ukitaka mahali patulivu pa kuwapeleka watoto Jumapili, waulize kina mama wanaotoka kanisani na watoto wao.

Pia kuna namna ya kuuliza. Usiseme, "Hoteli nzuri iko wapi?" Ukiuliza hivyo, mtu atakutajia ile ya kifahari, akidhani ndiyo inayomfaa mgeni, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuingia. Mwulize hivi: "Wewe jana ulikula wapi?" Hapo utapata ukweli.

Macho kabla ya mdomo

Ukishaelekezwa, macho yako nayo yafanye kazi. Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni 5 za chakula salama, na zote unaweza kuzichunguza ukiwa umeketi kwenye benchi: usafi, kutenga chakula kibichi na kilichopikwa, kupika hadi kuiva kabisa, kuweka chakula katika joto linalofaa, na kutumia maji salama.

Anza na maji. Je, ya kunawa yako wapi, na kuna sabuni? Ikiwa hayatoki mferejini, yamewekwa katika mtungi wenye kifuniko? Vyombo huoshwa katika karai lile lile moja tangu asubuhi, au maji hubadilishwa?

Tazama mikono. Anayepokea pesa ndiye anayekunja chapati kwa vidole hivyo hivyo? Kisu kilichokata nyama mbichi ndicho kinachokata kachumbari?

Kisha angalia joto. Chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje kwa zaidi ya saa 2 kikiwa vuguvugu, kwa maana hapo ndipo viini huzaana. Kinachosubiri wateja kiwe moto hasa, zaidi ya nyuzi 60. Huhitaji kipimajoto kwa hili, kwani wali au mchuzi unaofuka mvuke hadi ndani ya sahani utajieleza wenyewe. Ukiuona una baridi katikati, usifanye kama nilivyofanya mimi. Rudisha sahani kwa upole, ulipe chai yako, uondoke.

Katika bucha, tafuta muhuri wa wino wa mkaguzi juu ya mnyama aliyetundikwa. Muhuri huo ndio unaoonyesha kwamba nyama imekaguliwa. Mwenye bucha mwaminifu hukuonyesha bila kununa.

Nao wanaoshughulika na chakula wanatakiwa na sheria kupimwa afya na kuwa na cheti, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Tangu mwaka wa 2013 kazi ya kukagua hoteli imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti.

Usidhani nasema kwamba kibanda ni kichafu na hoteli ya vioo ni safi. Chapati inayotoka kwenye kikaango mbele ya macho yako huenda ikawa salama kuliko chakula kilichopangwa kwa mapambo tangu asubuhi. Kipindupindu kilipozuka Nairobi mwaka wa 2017, miongoni mwa waliougua walikuwa watu waliohudhuria mikutano katika kumbi na hoteli za hadhi.

Tena, kumbuka kwamba homa ya matumbo haiji siku hiyo hiyo. Huweza kuchukua juma moja hadi matatu kabla ya kujitokeza, na ndiyo sababu wengi humlaumu mpishi wa jana bure. Homa isiyokwisha pamoja na maumivu ya tumbo ni ya kupelekwa hospitali, wala si ya kununuliwa vidonge dukani.

Bei na daftari

Baada ya tumbo, tuje kwenye mfuko. Uliza bei kabla ya kuketi, hata kama imeandikwa ukutani, kwani huenda ni ya mwaka jana. Mwenye kibanda hataudhika. Anayeudhika kwa kuulizwa bei amekwisha kukujibu.

Katika vibanda vingi unaweza kuagiza nusu sahani. Anza na nusu. Ukiipenda utaongeza, na isipokupendeza hasara ni ndogo. Jaribu mahali watatu au wanne katika juma la kwanza kabla ya kuchagua pako.

Ama kuhusu kulipa, tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 wengi wetu hatubebi tena sarafu. Hilo ni jema, lakini soma jina linalotokea katika simu kabla ya kubonyeza, umwonyeshe mwenye hoteli. Pesa zilizokwenda kwa mtu mwingine si rahisi kuzirudisha.

Halafu kuna daftari la mkopo. Likitumiwa vyema, limewasaidia wengi kufika mwisho wa mwezi. Usiliombe katika juma la kwanza. Mjue mtu kwanza, naye akujue. Siku utakapoandikwa humo, lipa tarehe uliyoahidi, kwa sababu mtaji wa mama wa kibanda ni mdogo. Deni la wateja watano wasiolipa linatosha kulizima jiko lake.

Na unachokunywa je?

Vinywaji navyo vina hesabu yake. Chai yetu ya maziwa huchemshwa yote pamoja, maji, majani na maziwa, kwa hivyo ikiwa imetokota vizuri na kumiminwa moto, ni miongoni mwa vinywaji salama kabisa kwa mgeni. Sharubati ya matunda si hivyo. Uliza maji yaliyotiwa ni ya wapi, na barafu ilitengenezwa kwa maji gani.

Kwa wale wanaotumia kileo, fahamu kwamba chini ya sheria ya mwaka wa 2010, baa ya kawaida huruhusiwa kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwishoni mwa juma. Baa inayouza asubuhi, au inayomhudumia kijana ambaye hajatimiza miaka 18, inakuambia yenyewe jinsi inavyoheshimu sheria nyingine.

Kabla ya kuagiza, tazama njia ya kurudi nyumbani. Ina taa? Ina watu? Tazama pia jinsi wahudumu wa kike wanavyotendewa na wateja, kwani hapo utajua kama ni mahali unapoweza kumpeleka mkeo au dada yako. Chupa ifunguliwe mbele yako, na bili uilipe kila unapoletewa, ili usije ukahesabiwa chupa za meza nzima.

Na pombe isiyojulikana imetengenezwa wapi, usiiguse kabisa. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakawa vipofu. Maafa ya aina hiyo yamerudi mara kwa mara, na Februari 2024 yalitokea katika kaunti ya Kirinyaga. Methanoli haijulikani kwa kuonja, na mgeni ndiye asiyejua ni nani wa kuaminiwa.

Ukishajua kwako, toka

Baada ya mwezi mmoja au miwili utakuwa umeujua mtaa wako. Sasa unaweza kupanda matatu ukaonje ya wengine, maana raha ya Nairobi ni kwamba kila upande una sufuria yake.

Kwa nyama choma, nenda Kariokor, soko ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, au Kenyatta Market, au Burma, si mbali na uwanja wa City. Chagua kipande mwenyewe, kipimwe mbele yako, na mpatane bei kabla hakijatiwa motoni. Usigombane kikirudi kimepungua, kwani nyama hupungua uzito ichomwapo.

Eastleigh utapata mapishi ya Kisomali: wali wa viungo unaoletwa pamoja na ndizi mbivu, nyama ya mbuzi au ya ngamia, na chai ya viungo. Ukienda mwezi wa Ramadhani, ngoja magharibi, kwani mchana hoteli nyingi huwa zimefunga. Wapenzi wa samaki nao hukimbilia Gikomba.

Aliyebisha hodi

Nimalizie kwa kisa cha pili, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike haya.

Baada ya hoja hoja nyingi, nilipata kibanda changu karibu na soko la Mutindwa. Kilikuwa cha mabati, chenye mabenchi mawili, na mama mmoja aliyepika ndengu kwa chapati. Kila jioni nilikula hapo nikitoka kazini. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza habari za kazi, nami nikamwuliza habari za watoto.

Mwezi wa tatu nikashikwa na malaria, nikalala ndani siku mbili. Jioni ya pili mlango ukabishwa. Alikuwa mwanawe wa kiume, mvulana wa shule ya msingi, amebeba chupa ya uji wa moto.

"Mama ameuliza kwa nini hukuja kula," akasema. "Tumeuliza kila ploti mpaka tukakupata."

Nilikunywa uji ule nikikumbuka siku 4 za mwanzo, nilipougua katika mtaa ule ule bila mtu kujua. Tofauti haikuwa nyumba, wala kodi, wala kazi. Ilikuwa kwamba sasa palikuwa na benchi ambalo, nisipokaa juu yake, mtu angeuliza nilikokwenda.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa umehama juma hili na magunia bado hujayafungua, yaache kidogo. Toka nje, mtafute mlinzi wa lango au fundi anayetoka mjengoni, umwamkie, kisha umwulize jana alikula wapi. Kesho kaketi hapo, na kesho kutwa urudi tena.